Utani Niliotia Sahihi

Jumanne, 4 Juni 2024

Nimepeleka alizeti mashineni leo, hapa hapa Iguguno. Magunia yangu mazito kuliko ya wote. Hata Simoni amekubali, na Simoni ndiye mkamuaji, hasifu mtu.

Tukatukanana kama kawaida. Yeye Muha wa Kasulu, mimi Mnyiramba, watani toka babu zetu walipokuwa wakifuata chumvi kwa miguu – ndivyo tulivyokuta wakubwa wakisema. Akaniambia mlenda umenijaa hadi kichwani, ndiyo maana maneno yangu yanateleza. Nikamwambia yeye Mrundi, alifika hapa ameshika mkia wa ng'ombe wa wizi.

Mara gari la watu wa uhamiaji. Wanapita mashine zote za barabarani kutafuta wageni. Wakamtaka Simoni kitambulisho. Hana, aliomba kikakwama ofisini kwao hukohuko. Wakamsikiliza anavyoongea, wakatazamana. Afisa mmoja kijana akanigeukia mimi, maana ukimtoa Simoni ndimi mkubwa pale. Mzee, huyu unamfahamu?

Nikasema namfahamu kuliko mkewe anavyomfahamu. Mrundi huyo. Nilimpokea mimi mwenyewe hana hata viatu. Mpelekeni kwao, tumechoka kumlisha.

Mashine nzima ilicheka. Simoni mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, akasema basi na huyu mzee mbebeni, ni mchawi. Afisa akaandika ya kwangu. Ya Simoni hakuandika. Akaniuliza kama naweza sahihi au niweke dole gumba.

Dole gumba, mimi! Nikatia sahihi yote, na mkia wake chini. Darasa letu la kisomo hakuna aliyeniweza kwa mwandiko, na mpaka leo naandika kila siku, hao wengine wamesharudi kwenye dole.

Wakamchukua. Nikamwambia asalimie Bujumbura. Kicheko tena.

Jumatano, 5 Juni 2024

Simoni hajarudi. Mashine imelala. Mashudu yangu yako ndani, ng'ombe wanasubiri.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Amekuja Esta, mke wa Simoni. Nikamkaribisha kwa kumwita mke wangu, kama siku zote. Akasema, leo usiniite hivyo, baba Deo.

Hakukaa. Anasema mumewe yuko rumande Singida mjini. Kesi ni kuishi nchini bila kibali. Akishindwa anatupwa Burundi. Na karatasi waliyomsomea ina jina langu.

Nikamwambia mbona hata yeye Esta anajua ule ni utani. Akasema mimi najua, karatasi haijui. Akaondoka hata maji hajagusa.

Theresia wangu naye kaanza. Niende nikamwombe Simoni radhi. Tumezeeka pamoja na huyu mwanamke bado hajui utani ni nini. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemwambia kwamba ulimaanisha. Hapo ndipo unapoua kila kitu. Nimemweleza mara mbili, akaenda zake jikoni akanifungia mlango.

Jumatatu, 10 Juni 2024

Bodaboda imeleta msichana. Anaitwa Jesca, wakili. Si wa kukodi, wa msaada wa kisheria, anawatetea bure watu wanaotakiwa kuondoshwa nchini. Anamtetea Simoni na wengine walio rumande, Wahabeshi, Warundi wa kweli, wote wake.

Salamu alinipa vizuri, shikamoo na magoti kidogo. Lakini wakili wa bure mimi simwamini. Mwenye kazi nzuri analipwa. Nikamwambia hivyo hivyo usoni. Akasema analipwa, ila si na Simoni. Nikamuuliza basi na nani, akataja wafadhili. Nikasema unaona.

Akatoa maelezo yangu, akanisomea. Yote niliyasema kweli. Lakini yalivyosomwa yalikuwa na sauti ya mtu mwingine, mtu mbaya. Hapakuwa na mashine, hapakuwa na watu, wala Simoni kushika mbavu.

Jesca akasema: kicheko hakikuandikwa, mzee.

Kisha akaniuliza, ulikuwa unatania? Mtu mzima anaulizwa swali la namna hiyo na mtoto ambaye sijui hata kama ameolewa. Nikasema muulize Simoni. Akasema Simoni keshasema, lakini mshitakiwa lazima aseme hivyo. Anahitaji mimi nikaseme mahakamani, na nijue kwamba wanaweza kunigeuzia kibao kuwa nilimdanganya afisa wa serikali.

Kwa hiyo nikisimama upande huu namfukuzisha Simoni, nikisimama upande ule mimi ndiye mwongo. Kijiji hiki hakijawahi kuniita mwongo. Wananiita mkali, mbishi, sawa. Mwongo hapana.

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Akasema asante mzee, akaacha namba ya simu kwa Theresia.

Alhamisi, 13 Juni 2024

Nimekwenda mjini na Esta kumwona Simoni. Nauli nimelipa mimi. Njia nzima Esta alitazama dirishani.

Wakamleta kwenye wavu. Amekonda, wamemnyoa. Kile kichwa chake bila nywele ni kibaya kweli, kama kibuyu cha mtu maskini. Nikafurahi kumwona. Nikampa la kwanza: Mrundi, ugali wa serikali naona umekukataa.

Askari wa mlangoni akageuka. Akamwambia mwenzake, kumbe ni Mrundi kweli, hata ndugu zake wanakiri.

Nikamsubiri Simoni anirudishie. Ana ulimi yule, siku ya msiba wa mama yangu alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka tukampa jogoo, jeneza liko juani, watu wanalia na kucheka.

Akaniangalia. Akasema: Shikamoo, mzee Antipasi.

Simoni! Amenizidi mwaka. Tangu ameingia Iguguno hajawahi kunisalimia hivyo, ni kunitukana na mimi kumtukana, ndiyo salamu. Nikadhani ni mtego, nikamtupia lingine. Akasema tena shikamoo, kwa upole, kama anavyomsalimia padri. Halafu akageuka kwa mkewe wakaongea Kiha mpaka muda ukaisha.

Marahaba sikumwitikia. Siwezi.

Ijumaa, 14 Juni 2024

Hasira. Nimelima bustani ya nyuma yote bila sababu.

Mtu amenitukana kuliko matusi yote aliyowahi kunitukana, na kanitukana kwa heshima. Basi akae huko huko. Sitakwenda mahakamani, sitamjua.

Jumapili, 16 Juni 2024

Baada ya misa nilikuta watu wamesimama nje wanacheka. Nilipofika wakaanza kuongea habari za mbolea.

Flora, yule anayeuza dagaa, ni Msukuma, mtani wangu naye. Nikamwambia dagaa wake wamekufa kwa kuona sura yake. Miaka yote angenirushia hata kisahani. Leo akapanga dagaa tu. Akasema, mzee mimi usinitanie, nina watoto.

Watu wamesikia. Nikamwambia mimi siogopi mtu. Akasema wewe huogopi, sisi ndio tunaogopa.

Mbwa hawa. Harusi zao nani alichangamsha. Misiba yao nani alizuia njia mpaka wafiwa wakatabasamu. Mimi Antipasi. Hakuna mtani kama mimi kuanzia hapa mpaka Ikungi, na wanajua.

Jumatano, 19 Juni 2024

Jesca amerudi. Nilimwona toka mbali nikaingia zizini. Akanifuata zizini na viatu vyake vya mjini, akasimama kwenye samadi bila kukunja uso. Hilo nampa.

Anasema alikwenda Kasulu. Kijiji alichozaliwa Simoni kimehamishwa zamani, waliomjua wamekufa, amempata bibi mmoja tu haoni na anamchanganya Simoni na kaka yake. Uhamiaji wanasema anavyoongea ni Kirundi. Jesca anasema Kiha na Kirundi vinakaribiana, hiyo atapambana nayo. Lakini maelezo yangu, ya jirani, mzee, mwenye sahihi nzuri – alisema hivyo, nzuri – hayo ndiyo yanamzika.

Nikamuuliza wakimshinda inakuwaje. Akasema atapelekwa mpakani, atavushwa. Kule nao watamuuliza wewe wa wapi, atasema Kasulu. Watamrudisha au watamfunga. Umri ule, mzee.

Nikasema Simoni mjanja, ataishi. Akasema aliponiambia habari zako, Simoni alisema hivi: mwacheni, yule hawezi kusema kitu bila watu kucheka, na mahakamani hawacheki.

Kumbe ndivyo anavyoniona. Kwamba mimi ni wa kuchekesha tu. Mimi niliyekuwa balozi wa nyumba kumi, niliyewasomesha watoto watano kwa alizeti.

Jesca akasema, kesi yote sasa imesimama juu yako, mzee.

Nikamwambia hilo ni kweli. Bila mimi kesi haipo. Nitakuja, lakini simfuati Simoni na wala sikufuati wewe. Nakuja kwa sababu ya jina langu lililo kwenye karatasi.

Akasema sababu yoyote inatosha.

Theresia alikuwa nyuma ya ukuta anasikiliza. Amenipikia kuku. Sikumuuliza wa nini.

Jumanne, 25 Juni 2024

Naandika hapa kwenye benchi la mahakama, nje. Wametupa mapumziko mpaka saa nane. Jesca kaninunulia chapati, naishikilia tu.

Simoni aliletwa na karandinga, pingu mkononi pamoja na kijana wa Kihabeshi. Alipita karibu yangu. Shikamoo tena. Watu wote wanasikia. Sikuitikia.

Wakaniita. Nikaapa kwa Biblia. Mwendesha mashitaka, mwembamba, sauti ya redio, akadhani mimi ni shahidi wake. Akaniuliza, mshitakiwa ni wa nchi gani? Nikasema Tanzania, Kasulu, Muha. Akashtuka. Akanisomea maelezo yangu. Akaniuliza, haya ni ya nani? Nikasema yangu, na sahihi yangu, mwandiko kama huo hapa ndani hakuna. Hakimu, mama mmoja mnene mwenye miwani, akaniambia nijibu swali.

Nikasema ule ulikuwa utani. Huyu ni mtani wangu.

Akasema, kwa hiyo ulimdanganya afisa.

Sikudanganya. Nilitania.

Tofauti yake ni nini?

Nikamjibu: mwongo anataka umwamini. Mtani anataka ucheke.

Jesca aliandika haraka. Nilijua nimemmaliza huyo bwana.

Lakini akauliza: Na afisa alicheka?

Nikasema hapana.

Mshitakiwa tangu afungwe, ulikwenda kumwona? Ndiyo. Mlitaniana? Nikamtazama Simoni. Mwendesha mashitaka akamgeukia hakimu, akasema askari wa gereza yupo, ataeleza kwamba mzee huyu alimwita mshitakiwa Mrundi tena akiwa rumande, na mshitakiwa hakucheka, alimpa shikamoo. Je, hivyo ndivyo watani wanavyosalimiana? Hata leo asubuhi amempa shikamoo, sote tumesikia. Huyu mzee ni jirani tu anayejuta, mheshimiwa, na utani ni kitu amekitunga juzi. Kama ni mtani wake, amtanie hapa tuone.

Jesca akasimama kupinga. Akasema mahakama si ngoma. Watu wa nyuma wakacheka, hakimu akawanyamazisha. Halafu hakimu mwenyewe akavua miwani. Akasema kwao pia kuna watani, anajua maana yake, na mtani wa kweli hajifunzi kwa mapumziko ya saa mbili. Atatusikiliza wote wawili saa nane. Hatamlazimisha mtu.

Kwa hiyo ndiyo niko hapa.

Jesca anasema nisiitaje Burundi. Nisitaje mpaka, wala mto, wala kuvuka. Ng'ombe wa wizi pia hapana, watasema nimemshitaki kwa wizi. Nikamuuliza nimebaki na nini. Akasema wewe ndiye fundi, mzee.

Ni kweli mimi ndiye fundi. Lakini yote mazuri yanaishia Burundi. Nimeyapitia moja moja toka saa sita. Lile la viatu, Burundi. Lile la harusi yake, kwamba Esta alipewa mume na ubalozi, Burundi. Lile la kichwa chake cha kibuyu linafaa, ila ni dogo, halimfanyi mtu ajibu. Na asipojibu? Nikitukana peke yangu mbele ya hakimu, na yeye akasema shikamoo mara ya tatu, basi nimempakia kwenye gari mwenyewe.

Nimemwambia Jesca aende akamwambie Simoni aache ujinga, anirudishie. Amekataa. Anasema haruhusiwi kumfundisha la kusema, na hata angeruhusiwa hangemfundisha hilo. Nimemwita jina baya. Amekaa tu pembeni yangu, anasoma makaratasi.

Esta yuko benchi la mbele yangu. Amenigeukia mara ya kwanza leo. Kasema, baba Deo, mwambie kitu kinachomhusu yeye tu. Nikamwambia mimi sifundishwi na wanawake wa Kiha. Nusu acheke. Nimeona.

Simoni wamemtoa mahabusu, wamemkalisha ndani tayari, mlango uko wazi. Pingu wamemfungua. Karani ameita jina langu.

Simoni ananitazama mdomo.