Kangaga ya Bibi Geesje

Jorien shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Si unajua Bibi Geesje, jirani yangu, kaniachia ufunguo nimwagilie kangaga yake, ule mmea wake wa chunguni, akiwa safarini? Leo kiherehere kikanipanda, nikaihamishia chungu kikubwa. Kugeuza majani, naona vidoa vya kahawia chini yake, vimejipanga mistari. Nikasema wadudu hawa! Nikakata majani yote. YOTE. Nikayatupa kwenye pipa la kijani, na gari la taka limeshapita.

Ndipo akapiga simu, yuko njiani anarudi. "Mwanangu, umeviona vidoa chini ya majani? Ndiyo mbegu zenyewe! Tangu mume wangu Harm afariki, ndiyo kwanza inazaa. Nitaziotesha, kila mtoto wetu apate mche wa kangaga ya baba yake."

Inazaa, Jorien! Na mimi nimeinyoa!

Unajua nilimjibu nini? "Eeh bibi, nimeviona." Basi!

Nimekirudisha chungu dirishani kwake, mkasi bado mkononi. Na mtaa huu nani ana pazia? Ukiwa nje unaona kila kitu ndani!

Mungu wangu, gari lake hilo nje. Ameniona, anacheka, ananipungia mkono.

Ameacha kupunga.