Jiwe Lako Nimelipasua, Baba

Mpendwa Baba,

Jiwe lako nimelipasua. Naanza na hilo kwa sababu najua ungelitafuta kwanza, kabla hata ya kuuliza wajukuu wako wamekula nini. Usinune mpaka nimalize.

Unakumbuka ulivyolileta? Ulikuwa dereva wa watafiti wa miamba, na mmoja wao alipomaliza kazi akakuachia hilo jiwe alilokuja nalo kutoka kwao. Mama alitaka kulitumia kuzuia mlango. Wewe ukalikalisha juu ya redio, ukatuita kutuonyesha chaza waliogeuka mawe humo ndani, wamebanana, magamba yamefumbwa. Ulituambia waliishi chini ya bahari ya kale, kusikofika jua, penye ufa uliovujisha gesi ya methani. Vijidudu ndani ya miili yao viligeuza gesi hiyo kuwa chakula. Gesi ilipokatika, wakafa palepale, kila mmoja kwenye nafasi yake. "Watu hufa kwa gesi," ulisema, "hawa walikufa kwa kuikosa."

Kisha ukaligonga kwa nyundo, ukatunusisha. Yai viza kabisa. Nilikimbia, ukanirudisha, ukanishikia puani mpaka nikasema harufu imeisha. Ulicheka, halafu ukaacha kucheka.

"Haijaisha. Pua yako ndiyo imechoka. Siku ukiwa shimoni ukanusa hivi, kisha ukaona harufu imepotea, usishukuru. Toka."

Nilikuwa na miaka tisa. Nikajiuliza shimoni ningefuata nini.

Gervas ulimpa mkono mara moja tu, siku alipokuja kujitambulisha, ukaniambia ana kichwa kigumu. Sasa tunaishi kwao, Rungwe Mpya, nami nafundisha shule ya hapa. Mwaka huu akaamua kuchimba kisima bondeni nyuma ya nyumba, yeye chini, mdogo wake juu akivuta ndoo. Walipofikia tope jeusi akaanza kurudi nyumbani ananuka yai viza. Nikamwambia aache. Akasema tope la bondeni ndivyo lilivyo, na ndugu zake wote wakamuunga mkono.

Jumamosi asubuhi niliwapelekea uji. Nilipoinama mdomoni mwa kisima harufu ikanipiga usoni. Nikamuuliza anaionaje huko chini.

"Ile harufu yako imeisha, Mwalimu," akajibu. "Mimi sisikii kitu."

Baba, hapo nikalikumbuka jiwe lako. Mimi niliye juu nanusa, aliye ndani hanusi. Nikamwambia shemeji avute, akanitazama kama mwendawazimu. Nikaikamata kamba mwenyewe, nikapiga kelele mpaka akanisaidia. Gervas alitoka ameshika kichwa, macho mekundu, anayumba, na bado alikuwa na nguvu ya kunicheka mbele ya majirani. Jumatatu angerudi shimoni, alisema. Ualimu wangu niuache darasani.

Sijawahi kuogopa vile. Hata ulipokuwa unaugua sikuogopa hivyo, maana kwako tulishajua. Huyu alikuwa mzima, anakunywa uji, anapanga siku ya kufa bila kujua.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani nikafunga madirisha ya sebuleni, nikaweka jiwe lako sakafuni, nikachukua nyundo. Mkono ulikataa mara mbili. Kisha nikapiga. Vipande nikavitia kwenye kopo, nikamwomba Gervas anuse, asiondoe pua. Alikunja uso, akaniuliza nimepatwa na nini. Nikaendelea kugonga na kuongeza. Chaza wako wakapasuka mmoja mmoja, nami nalia, yeye ameshika kopo kwa kunihurumia tu. Mwishowe akasema, "Basi, imeisha. Sinusi tena."

Nilikuwa namngoja mama yake, ambaye kila Jumapili hupita kwetu akitoka kanisani. Akafungua mlango, akatusalimu kwa lugha yao, "Mwakeye," na kabla hatujaitikia akawa ameziba pua kwa khanga.

"Nyumba hii kimeoza nini?"

Gervas alimtazama mama yake, akalitazama kopo, akalinusa tena kwa nguvu. Uso ulimbadilika. Alikwenda bondeni na nguo zake za kanisani, akaanza kurudishia udongo. Mdogo wake alipomuuliza kulikoni, akasema, "Baba mkwe kakataza."

Kisima kimefukiwa, Baba. Maji tunachota kulekule mbali. Chaza mmoja amebaki mzima, nimemkalisha juu ya redio. Gervas hanicheki tena, ila hofu haijanitoka. Asubuhi nikiamka nikakuta chumba hakina harufu yoyote, sinyanyuki. Nalala kimya kwanza, nasikiliza kama anapumua.

Pumzika. Nilikuwa nakusikiliza.

Binti yako uliyemshikia jiwe puani