Joto la Jikoni kwa Mama

Jumatano, 14 Januari 2026
Nimefika Mlola, kwa mama huku milimani. Baridi! Mama kaniuliza nasomea nini siku hizi, nimweleze kama naongea na mtu. Nikajaribu: ndege isiyotumia mafuta, inatumia haidrojeni. Inabebwa ikiwa kimiminika, baridi kupita barafu yoyote, na kabla ya kuchomwa lazima ipashwe. Nyuma ya injini joto kibao linatoka bure. Kazi yangu ni mabomba ya kulikamata liipashe haidrojeni. Mama kafikiri. Kwa hiyo unapikia moshi, akasema. Ndiyo! Bora kuliko nilivyoandika mimi chuoni.

Jumamosi, 17 Januari
Dk. Sefania, msimamizi wangu, amechoka na michoro. Anataka modeli inayofanya kazi kila siku hadi 27 Februari, vipimo nimtumie kila jioni. Ukiruka siku, umejitoa. Nafasi kwenye mradi ni moja, wanafunzi tunaoigombea tuko wawili. Maabara imefungwa kwa likizo — lakini jiko la mama linafuka kutwa, moshi wote unapaa darini unapotea. Nimemwomba. Kacheka: chukua, ila chai yangu isichelewe.

Jumanne, 20 Januari
Imekubali! Nimekunja bati juu ya mafiga, linakusanya moshi, bomba linautoa nje ukutani. Ndani nimesokota bomba la shaba, maji ya ndoo yanapita humo. Yanaingia baridi, yanatoka moto! Mama ameoga bila kubandika sufuria. Machozi hayamtoki tena. Anaita majirani waje kuona, na mimi kichwa kimevimba.

Jumapili, 25 Januari
Kwa nini? Niliongeza mizunguko ya shaba nikidhani maji yatazidi kuwa moto. Moto ukazubaa, moshi ukarudi ndani. Nikapunguza — ukachangamka. Kumbe moshi nao unataka njia. Basi nikijaza mabomba nyuma ya injini, hewa inayosukuma ndege itabanwa. Kiasi gani? Sijui! Raha ya kutojua hivi. Nimesahau hata kula.

Jumatatu, 9 Februari
Unga sakafuni jikoni. Nilidhani mama kamwaga. Yeye akatazama juu. Mahindi ya mbegu huning'inia pale darini, juu ya mafiga, tangu enzi za bibi. Akashusha hindi moja, akaligonga kiganjani. Dumuzi, wadudu wanaotoboa punje hadi zinakuwa unga. Moshi ndio uliokuwa ukiwafukuza, na joto ndilo lililokuwa likikausha mbegu. Nimekulia chini ya mahindi yale, nikayazoea kama ukuta. Hakuna kilichokuwa kinapotea. Aibu imenipanda hadi masikioni.

Jumatano, 11 Februari
Tumechambua siku nzima. Mazima yamebaki machache, masika yanakaribia. Nikasema bati na mabomba nang'oa leo. Mama kakataa: ng'oa ukishamaliza na mwalimu wako, mbegu tutanunua dukani.
Mama! Asiyewahi kupanda mbegu ya dukani, anayesema ugali wake hauna ladha. Nimetoka nje, nimelia.

Alhamisi, 12 Februari
Nimeng'oa. Mama karudi kutoka shambani, kakuta moshi umejaa hadi mlangoni. Kafoka kwanza — Rahma, mie nilikwambia nini? Kisha akavuta kigoda, akakaa chini ya mahindi yake, anakohoa, anapangusa macho kwa kanga. Sijui kama ni moshi tu.
Leo hakuna vipimo. Nimemwandikia Dk. Sefania:
"Shikamoo Dokta. Nimebomoa modeli. Joto nililoliita la kupotea lilikuwa linalinda mbegu za mama. Najua maana yake kwenye mradi. Lakini kabla hatujachora tena naomba kuuliza: lile la nyuma ya injini, nani alihakikisha kwamba halina kazi?"
Tiki mbili. Zimekuwa bluu. Anaandika... ameacha.
Anaandika tena.