Bizari ya Uzazi Kutoka Pangani

Ng'ambo, Tabora
Siku ya thelathini na moja tangu nijifungue

Mama yangu,

Shikamoo, na Baba umpe shikamoo yake akitoka buchani, akishanawa mikono. Natumaini goti lako limetulia na mvua za huko hazijaezua paa la jikoni tena. Kaka Athumani, wewe unayemsomea Mama barua hii, isome ndani, mlango umefungwa, na usiruke neno. Nakujua, ukifika penye maneno makali unajifanya umeshindwa na mwandiko wangu. Safari hii nimeandika kwa herufi kubwa.

Kwanza lililo jema, usije ukashtuka: mimi mzima, na mtoto mzima. Ni msichana, ana nywele nyingi, ananyonya kama aliyetoka safari ndefu. Baba yake, Shabani, bado ana kazi yake ya treni, Kigoma na kurudi, siku tatu nyumbani na nne njiani. Siku hizo nne tunabaki mimi na mama yake, Bi Rehema, nyumba moja, jiko moja. Habari yangu ya leo ni ya jiko hilo.

Unajua nilivyo. Tangu nina miaka kumi na miwili, siku ile mliyonituma buchani nikamkuta ng'ombe wa Baba ameshachinjwa na sikio bado linacheza, sijala tena nyama, wala samaki, wala yai, wala maziwa, wala samli. Mlidhani nitachoka. Huku nimeongeza na asali, na mtu anayekataa asali Tabora hutazamwa vibaya, maana kila nyumba hujivunia yake. Watoto wa mtaa wananiita Baniani wa Ng'ambo. Sijali. Nakula kisamvu kwa karanga, maharage, njugu, uyoga mvua zikinyesha, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, ambavyo huku wanavichemsha asubuhi.

Mimba ilipoingia tulisikilizana mwanzoni. Nilikataa mayai na Bi Rehema akafurahi, kwa kuwa hapa mja mzito hali yai, wanasema mtoto atazaliwa bila nywele. Akanisifia kwa majirani kwamba mkwewe wa pwani ana adabu. Mwezi wa nne nilipokataa supu ya kongoro, sifa zikaisha. Wengine wakasema nina mzimu, wengine kwamba nataka kumkausha mtoto tumboni. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja rasmi, na daftari, kuniuliza kama ni dini mpya au ni siasa. Nikamwambia kila Jumamosi nashika jembe shamba la ujamaa kama wenzangu, na tumbo hili, sasa siasa ipi tena. Akaandika kitu, hakunionyesha.

Mkunga wa kliniki ndiye aliyenisikiliza. Alipima damu, akasema imepungua kidogo, akanipa vidonge nimeze kila siku bila kukosa, nisiache maharage na mboga za majani, na nirudi kila mwezi apime tena. Nilifanya hivyo. Mwezi wa saba akasema damu sasa inatosha. Haya yote nilikuandikia, Mama, na si mara moja.

Mwezi huohuo maharage ya Bi Rehema yakabadilika ladha. Siku ya kwanza nilikula nikalia. Nilikumbuka nyumbani, sijui kwa nini, nikasema ni mimba. Siku ya tatu nikajiuliza ni machozi gani haya yanayokuja na maharage tu, na kwenye michembe hayaji. Nikainusa sufuria. Samaki. Mbali, chini ya mdalasini na pilipili manga, lakini samaki.

Nikaunganisha mambo upesi: Shabani anatoka Kigoma, Kigoma kuna dagaa, mama yake ana kinu. Nikaona nimewashika. Basi nikawa askari. Nikimwamkia Bi Rehema na kumbusu mkono, nanusa vidole vyake. Nikawa nashinda jikoni nasingizia baridi, Tabora, Oktoba, jua la kuivisha maembe. Mfuko wa Shabani niliukung'uta, nikapata kitana na vumbi. Nisipoona kitu ndiyo shaka ilizidi, nikisema hawa wamejua kuficha.

Ijumaa moja wanawake wa mtaa walikuja kuchambua mchele wa hitma ya marehemu baba mkwe. Bi Rehema akanipakulia mboga yangu pembeni kama kawaida. Nikageuza kijiko nikaona kijicho. Kimoja, cheusi, kidogo kama mbegu ya mchicha, na kijiguu chake. Nilisimama na tumbo langu la miezi minane, nikasema mbele ya wote kwamba mama huyu ananilisha uchafu kwa siri, na kwamba mtoto wangu akizaliwa hatamgusa.

Bi Rehema aliacha ungo wake. Aliingia chumbani, akatoka na kopo, akaliweka kwenye mkeka mbele yangu.

"Hii bizari ya mama yako, mwanangu," alisema. "Kaituma kwa mkono wa mtu wa treni, na barua, Shabani akanisomea. Kijiko kimoja kwenye mboga, mtoto apate nguvu, ila nisikutajie usije ukalia kwa kukumbuka kwenu. Kama ni uchafu, umetoka kwenu."

Kopo lilikuwa limefungwa kwa utepe wa ukili, mafundo matatu, kama unavyofunga wewe kila kitu. Nikafungua: uduvi, vikamba vyetu vya baharini. Bi Rehema amezaliwa Tabora, bahari hajaiona, uduvi hata ukimtilia kiganjani hautambui. Mimi nimekua nikiuanika na wewe. Uliutwanga, Mama, ukauchanganya na mdalasini na pilipili manga, ukamwagiza Athumani aandike juu Bizari ya Uzazi. Niliyemnusa vidole mwezi mzima alikuwa hajui lolote, na wewe sikukushuku hata siku moja.

Najua uliogopa. Dada Mwanahawa alikufia mikononi mwako akijifungua, damu imemwishia, na tangu siku ile ukimwona mja mzito mwembamba unakosa raha. Lakini ungeniandikia ukanitukana, nami ningejibu, tungegombana kwa posta mpaka nizae. Badala yake nimemdhalilisha mtu mzima mbele ya majirani zake, ndani ya nyumba yake. Hilo linaniuma kuliko uduvi wako.

Nilimwomba radhi siku ileile. Akasema yamekwisha. Hayakwisha. Nilipojifungua pale hospitali ya Kitete alikuja na uji wa ulezi wenye karanga kwenye chupa. Akamimina kikombe, akanywa yeye kwanza, mafunda mawili, ananitazama, kisha akanipa. Nikadhani ana kiu. Jioni akafanya hivyohivyo, na kesho yake. Tuliporudi nyumbani ikawa kila bakuli analoniletea analionja kwanza mbele yangu, na mtoto hambebi mpaka nimwambie mara mbili. Nikamsihi aache.

"Naonja usije ukala kwa hofu," alisema. "Anayenyonyesha hatakiwi kula kwa hofu."

Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuangalia.

Juzi alileta kisamvu. Kabla hajatia kijiko nikalichukua bakuli mkononi mwake, nikala lote, bila kunusa. Kisha nikampa mtoto ampakate, nikatoka nje kuanua nepi, nikazianua polepole moja moja. Niliporudi alikuwa bado amempakata, anamwimbia kwa Kinyamwezi.

Sasa zamu yako. Mwandikie Bi Rehema, maneno yako mwenyewe, si ya Athumani, umweleze ulitia nini na kwamba yeye hakujua. Atasomewa na balozi, tena uani, maana nataka majirani wasikie. Usijaze salamu mpaka neno lenyewe lipotee.

Nisalimie Bibi, mama yake Baba, na mke wa Athumani, mwambie nepi alizoshona zimefaa sana. Shangazi anayeuza vitumbua naye msalimie, ila yeye asisomewe barua hii. Shabani anawasalimu nyote. Amecheka kuhusu mfuko wake, lakini barua yako ya kopo aliisoma yeye akaninyamazia, kwa hiyo nadhani alicheka mapema mno.

Na wewe njoo kwenye arobaini kama tulivyopanga. Sikukatazi, Mama, nakutaka hapa kuliko mtu yeyote. Utalala na mimi, utamwogesha mjukuu wako, na ukitaka kupika utapika. Ila chakula chako ataonja Bi Rehema kwanza. Uduvi sasa anaujua.

Mwanao akupendaye, na hasira bado anayo,
Mwanaidi