Vidonge vya Kike Vimeniinua Kitandani

Dar es Salaam

Mke wangu mpenzi, Mama Hoza,

Onga makeo, nakusalimu kikwetu. Hujambo, na watoto hawajambo? Naomba Mungu mvua za huko zisiwe zimeozesha maharage. Mimi nipo kwa shemeji Eliza, mdogo wako. Nakula vizuri, na siku hizi nalala chali. Wewe uliyekuwa ukinigeuza kitandani kama mtoto mchanga utajua furaha niliyo nayo.

Daktari aligundua ni saratani ya tezi dume, nayo imeingia mpaka kwenye mifupa ya mgongo. Akanipa vidonge, akasema ni homoni ya kike. Nikavirudisha mezani.

"Daktari, mimi ni baba wa watoto sita. Unataka kunigeuza mwanamke?"

Hakunicheka. Alisema, "Mzee wangu, korodani zako zinatengeneza homoni ya kiume, na ugonjwa huu unastawi kwa hiyo. Kinachoziamuru ni ubongo. Dawa hii itaufanya ubongo uone homoni imetosha, uache kuamuru. Ugonjwa hautaisha kabisa, ila utanyong'onyea."

Basi nikameza. Maumivu yakapungua, hata fimbo nikaiacha. Lakini matiti yamevimba, yanauma yakiguswa. Eliza anasema nimechelewa sana kuvunja ungo. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nilichoogopa zaidi ni sauti. Jumapili kanisani wimbo ulipoanza nilifunga mdomo, nikihofia nitatoa sauti ya binti. Ubeti wa pili nikashindwa kujizuia, nikaiachia besi. Ikatoka ile ile. Mzee mmoja wa kwaya akageuka, akasogea kunipa nafasi pembeni yake. Niliimba huku machozi yananitoka.

Kuna jambo sikumwambia Eliza. Hamu ya mume kwa mkewe imenitoka, na daktari anasema huenda isirudi maadamu natumia dawa. Nakueleza mapema, usije ukadhani nimepata mwingine mjini. Moyo wangu kwako haujapungua hata kidogo. Natamani kukaa nawe jikoni tuote moto, unisimulie mambo ya shamba la ujamaa.

Mpe mama shikamoo yangu. Hoza, mwanetu mkubwa, mwambie namshukuru kwa kuangalia ng'ombe. Wanakwaya wenzangu wote nawasalimu.

Nitashuka kwenye basi pale Lukozi siku ya soko. Wale vijana walionibeba kwa machela mpaka barabarani, waambie wasiache kazi zao kuja kunipokea. Kilima cha kwetu nitakipanda kwa miguu yangu.

Mumeo akupendaye,
Baba Hoza