Nimemwombea marehemu aliye hai

Mama Irine, salamu baadaye. Leo nimejiaibisha mbele ya ukumbi mzima wa parokia!

Si nilikwambia Ditram wangu anasahausahau tangu agongane vichwa na yule beki wa timu ya Rudewa? Hospitali hataki. "Mama, mimi mzima." Na Jumapili eti anacheza.

Basi leo mimi na Ditram tumeonyeshwa sinema ya mchezaji wa kulipwa, ubongo umeumia kwa kugongwa kila mechi. Anasahau hadi jina la mwanawe! Mwisho akaanguka, kimya.

Mimi huyo nikasimama, nimesahau kabisa kuwa ni sinema. "Raha ya milele umpe, ee Bwana..."

Ukumbi mzima ukaitikia! Mama Irine, ukumbi MZIMA! "Na mwanga wa milele umwangazie!" Hata vijana wa bodaboda, kofia mkononi.

Mara marehemu akafumbua macho, akaomba maji.

Walicheka mpaka katekista akashika ukuta. "Mama Ditram, umezika mtu hai!"

Ditram hakucheka. Akanishika mkono. "Mama, Jumapili sichezi. Kesho twende hospitali, kabla hujanianzia na mimi hiyo Raha ya milele."

Shati lake nimeshapiga pasi, na kadi ya bima nimeitia mfukoni. Asije akasema kasahau.