Barafu ya Nahodha

Jumatano, baada ya kula.

Hapana. Mtu mzima wa afya haagizi barafu mara nne kwa siku.

Timu yangu, ninayoipenda tangu shule ya msingi, imeweka kambi ya wiki moja kwenye hoteli ninayofanya kazi hapa Lusail, Qatar. Kwao inaongoza ligi, na ikirudi inaingia mtoano wa Ulaya. Kocha anasema nahodha yuko fiti. Lakini ndoo za barafu chumbani kwake nazipeleka mimi.

Leo nahodha alifungua mlango mwenyewe, ameshika ukuta. Goti limevimba kama papai. Aliponiona natazama, akalifunika kwa taulo, akapokea ndoo, akafunga mlango.

Kufika chini, msimamizi wetu Achieng, Mkenya, ananisubiri kwenye lifti. Nani alimwambia upesi hivyo?

“Umeona nini huko juu?”

“Sijaona kitu, dada.”

“Poa. Ukitoa neno moja tu, unarudishwa kwenu.”

Nyumbani mama anategemea kazi hii. Nitanyamaza. Lakini kama goti ni zima, kwa nini nitishwe?

Jioni hii Hamisi, Mzanzibari ninayeishi naye chumba kimoja, alikuwa anasikiliza mahojiano ya kocha kwenye simu. Kocha kasema tena: nahodha atacheza.

“Msimu huu makombe yote yetu, ndugu yangu!” Hamisi akapiga makofi. Kisha akanikazia macho. “Mbona wewe hufurahi?”

Nikapiga makofi na mimi.

Nadhani hakuniamini.